Urejeshaji wa Ufungaji wa Siku katika Apache Fineract: Uhakiki wa Majibu ya API

Mnamo Juni 2012 nchini Uingereza, hitilafu katika programu ya kuratibu kazi za usiku za Royal Bank of Scotland iliathiri wateja wasiopungua milioni 6.5, mwaka 2014 benki hiyo ikatozwa faini ya jumla ya pauni milioni 56. Siku moja isiyofungwa huizuia inayofuata.

Apache Fineract, programu huria ya kibenki, imelikabili tatizo hili kwa ustadi unaostahili sifa. Hutenganisha tarehe ya biashara na tarehe ya kufunga siku, ambayo huwa nyuma kwa siku moja, na kila mkopo hubeba tarehe yake ya mwisho kufungwa. Hivyo, mkopo uliochelewa siku tatu hufungwa siku baada ya siku, wala adhabu haiangukii tarehe isiyo yake.

Udhaifu umo katika majibu. Ombi la kufidia siku zilizopitwa hujibiwa 202, yaani limepokelewa tu. Programu iliyoomba haina budi kuuliza tena na tena iwapo kazi ingali inaendelea. Hata hivyo, kukoma kwa kazi si kukamilika kwake. Mkopo ulioshindikana hubaki na kufuli, na habari zake huwekwa katika orodha nyingine kabisa (uamuzi ulio mgumu kuutetea). Mwendeshaji asiyeisoma orodha hiyo ataamini kwamba siku imefungwa, ilhali malipo ya mkopaji huyo huenda yakakataliwa asubuhi.