Sifa ya Kujifunza Lugha Ukubwani

Watu wengi husadiki kwamba lugha ngeni ni milki ya watoto, na kwamba mtu mzima aliyezongwa na kazi, ahali na madeni amekwisha fungiwa mlango wa maarifa hayo, asibakiwe na la kufanya ila kuwatamania wanawe wanaotamka Kiarabu au Kifaransa kwa ulimi mwepesi. Mimi naikana itikadi hiyo kwa moyo wangu wote. Kujifunza lugha ukubwani ni miongoni mwa fani tukufu ambazo binadamu aweza kuzishika, na shughuli, ambazo aghalabu hutajwa kuwa udhuru, ndizo zilizo chuo chake bora.

Mtazame Joseph Conrad, Mpolandi, mzaliwa wa Berdychiv, mji ambao siku hizo ulikuwa chini ya dola ya Urusi. Aliposhuka Lowestoft, bandari ya Uingereza, mwaka 1878, alikuwa kijana wa miaka 20, na Kiingereza chake kilikuwa haba mno. Akajiunga na chombo kilichochukua makaa ya mawe baina ya bandari ile na Newcastle, na huko, kati ya kamba na matanga, akaisikiliza lugha kwa vinywa vya mabaharia, watu wasiokuwa na wasaa wa kumrudia neno mara tatu. Mwaka 1880 akafaulu mtihani wa msaidizi wa nahodha. Mwaka 1886 akapata cheti cha unahodha. Alipokwenda Kongo mwaka 1890 kufanya kazi katika meli ya mtoni, alichukua mswada wa kitabu chake cha kwanza, alichokuwa akikiandika kwa lugha hiyo ya ukubwani, nacho kikachapwa mwaka 1895. Lafudhi ya kwao haikumtoka mpaka alipofariki mwaka 1924, wala haikumzuia kuhesabiwa pamoja na waandishi wakuu wa Kiingereza.

Karibu nasi zaidi yupo Edward Steere, mmisionari Mwingereza, aliyefika Unguja mwaka 1864 akiwa na umri wa miaka 36. Huyu hakuja kustarehe na vitabu. Alifundisha watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa, akasimamia kiwanda cha chapa ambamo vijana walijifunza kupanga herufi, na baadaye, kwa cheo cha uaskofu, akasimamia ujenzi wa kanisa pale palipokuwa soko la watumwa. Kabla ya uaskofu huo, kwa maarifa aliyoyapata katikati ya kazi, alitoa mwaka 1870 kitabu cha sarufi na msamiati wa Kiswahili cha Unguja, na mwaka huo huo mkusanyo wa hadithi alizozipokea kwa wenyeji; tena alikwisha kusanya habari za Kishambala, na Kiyao kikafuata. Sifa ya vitabu hivyo imebaki kwa askofu. Lakini nusu yake, kwa insafu, ni haki ya Waunguja walioketi naye, wakamsimulia, wakamtengenezea matamshi.

Wala haitakiwi kwamba mtu aache kazi ili asome. Mwaka 1885 mtaalamu wa saikolojia Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa kuhifadhi silabi zisizo na maana, alionyesha kwamba usahaulifu huja kwa kasi mwanzoni, na kwamba marudio yaliyotenganishwa kwa nafasi hukaa kichwani kuliko yaliyorundikwa kwa mkupuo mmoja. Robo saa ya kila alfajiri yamtosha mwenye shughuli. Isitoshe, mtu mzima ana akiba asiyokuwa nayo mtoto: mfanyabiashara wa Kiswahili aingiapo Kampala hukuta katika Kiganda mpango wa ngeli anaoufahamu tangu kwao, na mzee aliyesoma Kurani utotoni, akitaka sasa kusema Kiarabu, masikio yake yamekwisha zoea herufi za kooni.

Shida kubwa ya mtu mzima, kwa rai yangu, haimo kichwani bali imo katika heshima yake. Mtoto hukosea, wenziwe wakacheka, naye akacheka nao, akaendelea kusema. Lakini baba wa watu, aliyezoea kusikizwa barazani na kuombwa shauri, hupata taabu kuu kutoa neno pungufu mbele ya kijana wa dukani, kisha asahihishwe, kisha ashukuru. Ndiyo sababu nausifu ufundi huu kuliko fani nyingine nyingi: humtaka mwenye cheo awe kila siku mwanafunzi wa wasio na cheo, na kwa stahamala hiyo akawatambua watu aliokuwa akipishana nao njiani pasipo kuwajua. Ajifunzaye Kisomali kwa jirani yake wa Eastleigh, Nairobi, au Kimakonde kwa mchongaji wa vinyago, hupokea fadhila ambayo fedha haiwezi kuilipa, na anayemfundisha hupata kuona kwamba lugha ya wazee wake ina thamani machoni pa mgeni.

Basi, ewe msomaji, usingoje kustaafu. Anza na maneno ya kazi yako: mshoni na vipimo na vitambaa, muuguzi na maumivu na dawa, dereva na njia na nauli. Mwendee leo jirani asemaye lugha uitakayo, umwamkie kwa lugha hiyo, na umwombe akusahihishe kila ukoseapo, pasipo kukuonea haya.