Mzizi Ulio Mzazi wa Nafsi Yake

Kwenye Linux hutakuta diski C wala D. Kuna mkwaju mmoja, /, uitwao mzizi, na vyote vimeshuka kutoka hapo: picha zako, programu, hata diski zenyewe zina majina ndani ya /dev. Ukichomeka flashi, inapachikwa juu ya saraka fulani, nawe unaingia humo usijue kwamba umehama kifaa. Mpango huu ni urithi wa Unix, kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie iliyoanza Bell Labs mwaka 1969.

Kinachonivutia zaidi ni nukta mbili (..). Katika kila saraka, nukta mbili humaanisha mzazi. Sasa mzizi, usio na mzazi, ufanyweje? Nukta zake zinaurudia mzizi wenyewe. Programu inayopanda juu hufika kileleni ikabaki palepale, bila kosa na bila kanuni ya pekee.

Si kila kitu kilipangwa kwa ufundi huo. Saraka ya /usr ilipokea programu kwa sababu diski ya mzizi kwenye kompyuta ya PDP-11 ilijaa, na mgawanyo huo wa dharura ukaheshimiwa miongo mingi kana kwamba ni sheria.

Lakini tazama kompyuta inapowaka. Kerneli, kiini cha mfumo, inautaka mzizi, na tuseme mzizi uko kwenye diski iliyosimbwa, na programu ya kuifungua imo ndani ya diski hiyohiyo: ufunguo umefungiwa nyumbani. Basi kerneli hupewa kifurushi kidogo, initramfs, ikakifungua ndani ya kumbukumbu kiwe mzizi wa muda. Programu zake chache hupakia madreva, huuliza nywila, hupachika diski halisi. Kisha switch_root hufuta mafaili yote ya mzizi wa muda, likiwemo lake lenyewe, huisogeza diski mpaka kwenye /, na kuiachia init, programu ya kwanza ya mfumo halisi, nafasi yake pamoja na namba yake ya mchakato, 1.

Mzizi ule wa muda, japo mtupu, haupachuliwi. Kerneli inakataa, kwa hoja ileile ya nukta mbili: kuhakikisha orodha ya vilivyopachikwa haiishiwi kamwe kunahitaji msimbo mfupi kuliko kuishughulikia ikiwa tupu.