Mtambaji na Mgeni wa Bwenini

Kila Januari stendi za mabasi hujaa matranka ya bati. Mabinti wa kidato cha kwanza wanaokwenda shule za bweni husimama kando ya ndoo mpya, godoro lililofungwa kwa kamba, fagio la chelewa na jembe. Mzazi ameshika karatasi ya mahitaji iliyotoka shuleni, anahakiki kitu kimoja kimoja: mashuka, sahani, kikombe, tochi, kufuli. Karatasi ni ndefu na imepangwa vizuri. Hata hivyo, hakuna mahali inapouliza kama binti huyu amewahi kuambiwa hadithi ya mtu aliyeingia nyumba ya watu asiowajua, akachekwa, akaonewa, na akatoka mzima.

Zamani swali hilo lisingehitaji kuulizwa. Mtoto aliondoka kwao akiwa ameshaisikia hadithi hiyo mara nyingi, kwa sababu kazi ya kuitoa ilikuwa na mafundi wake.

Fundi niliyemfahamu mimi aliishi Pangani, na mtaa mzima tulimwita Bibi. Mchana alisuka ukili. Hadithi hakutoa mchana, hata umlilie. Baada ya Isha mkeka ulitandikwa uani, taa ya chemli ikapunguzwa utambi, naye akaketi na miyaa yake mapajani. Vidole viliendelea kusuka bila macho kuvitazama, na mdomo ukaanza kazi ya pili. "Paukwa!" Tukaitika, "Pakawa!" Mwitiko ukiwa mlegevu, aliita tena. Hakuanza mpaka asikie kuwa kila mtu yumo, hata aliyekuwa ameegemea nguzo na usingizi machoni.

Watu hudhani ufundi wa mtambaji ni kukumbuka. Kukumbuka hata sisi watoto tulikumbuka. Akiruka kitu tulimsahihisha. Ufundi wa Bibi ulikuwa katika kunyamaza. Hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mtoto wa kambo aliyepelekwa kukaa ugenini, akawa ndiye wa kutumwa maji. Kisimani wasichana wa kijiji kile wakamzunguka. Wakaicheka kanga yake iliyochanika, wakaiga maneno yake ya kwao, wakaumwaga mtungi wake. Mtambaji wa kawaida angesema hapo kwamba mtoto alihuzunika, akalia sana. Bibi hakusema hivyo. Alisimamisha ukili. Vidole vikatulia, tukaanza kusikia mbu na maji ya mto. Halafu, kwa sauti ya chini, alisema, "Akainama, akateka tena."

Katika kimya kile kila mmoja wetu aliingiza aibu yake. Aliyepigwa mbele ya wenzake aliikumbuka siku ile. Aliyempiga naye aliikumbuka, na alikuwa hana pa kuangalia. Bibi hakumkazia mtu macho wala hakutoa mawaidha. Aliwaachia wenye makosa na walioumia wakae mkeka mmoja kwa muda, kisha akaendelea.

Palikuwa na jambo jingine, ambalo mpaka leo sijaona kanuni ya shule iliyolishinda. Hadithi ile ilikuwa na kibwagizo. Kila mara msichana huyo alipofika penye kikwazo, mto uliojaa au mlango uliofungwa, aliimba, na wimbo wenyewe ulikuwa mashitaka: aliyemwaga maji ni nani, aliyechana kanga ni nani, na yeye ni mtoto wa nani. Kibwagizo hicho Bibi hakukiimba peke yake. Alikitoa kwa mtoto mgeni. Kama siku ile amekuja mtoto kutoka Muheza au Handeni, ambaye tangu asubuhi tulikuwa tukimcheka kwa matamshi yake, ndiye aliyeitwa akae karibu na Bibi, akafundishwa maneno taratibu, akapewa. Tangu hapo hadithi ilikuwa mikononi mwake. Msichana hawezi kuvuka mto mpaka mgeni aimbe. Sisi wenyeji, wajuvi wa mtaa, tukawa tunasubiri kinywa cha yule tuliyemzomea, na alipoimba tuliitikia kwa nguvu zetu zote, maana tulitaka kujua ya ng'ambo.

Na uchawi ulikuwemo. Ngano zetu zimejaa majini, miti inayosema na vibuyu vinavyofunguka. Lakini uchawi wa Bibi haukuwa silaha ya kumlipizia adui. Ng'ambo ya mto msichana alimkuta kizee mwenye vidonda, akiomba asuguliwe mgongo. Wengine walikwishapita pale wakiziba pua. Yeye akamsugua. Kizee akamuuliza yaliyompata, naye akasema yote bila kuficha jina la mtu. Ndipo akaambiwa: utakuta mitungi miwili, mmoja unapiga kelele kuomba uchukuliwe, mwingine umenyamaza, chukua ulionyamaza. Muujiza wote unatoka hapo, kwenye adabu, kwenye kusema kweli, na kwenye kujua kuchagua.

Mkondo huo ni wa siku nyingi pwani kwetu. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London hadithi alizozikusanya Unguja, na mojawapo ni ya maskini aliyekuwa akichakura jaani, akamnunua paa. Paa yule akamtajirisha na kumwoza binti wa sultani. Siku paa alipougua, bwana wake akamdharau, na paa alipokufa utajiri wote ukayeyuka, mtu akajikuta tena jaani. Naye Shaaban Robert, mwana wa Tanga, katika Adili na Nduguze aliyoitoa mwaka 1952, aliwageuza ndugu wahasidi kuwa manyani, na akamfanya ndugu waliyemdhulumu awe ndiye mwenye kulazimika kuwapiga. Adili hafurahii mjeledi ule. Kazi hiyo inamtesa. Msomaji anafunga kitabu akijua kwamba kumwona mwonevu wako ameadhibiwa si lazima kuwe furaha.

Binti wa ndugu yangu alipofika miaka 14 alichaguliwa kwenda shule ya bweni huko bara, mbali na bahari. Alikuwa njuka, yaani mwanafunzi mgeni, kama njuka wengine: kuchota maji ya wakubwa, kufua sare zisizo zake, kulala kitanda cha juu cha dabo deka ambacho hakuna aliyekitaka. Hayo aliyategemea. Asichokitegemea ni kwamba kutoka Tanga kungekuwa shitaka. "Huyu ana majini," walisema, kwa kuwa katika midomo ya watu Tanga ni majini, kama Sumbawanga ilivyo uchawi. Chumvi ikimwagika, yeye. Kitu kikipotea, yeye. Kisha muhula wa pili wasichana wakaanza kuanguka. Mmoja alipiga kelele usiku akakakamaa, kesho yake wakaanguka wengine, na vidole vyote vikaelekea kitanda cha juu.

Si jambo jipya, wala si la shule moja. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Kicheko kikahamia kwa wenzao, kikachanganyika na kilio, hadi wakapatwa wanafunzi 95 kati ya 159. Walikuwa wa umri wa miaka 12 hadi 18. Shule ikafungwa tarehe 18 Machi. Wataalamu walipima hawakukuta sumu wala ugonjwa wa kuambukiza. Waliolichunguza jambo hilo baadaye walilieleza kuwa ni shinikizo la maisha ya mabinti wale, na mimi sishangai. Binti aliyetolewa kwao, akatiwa kwenye kanuni, kengele na macho ya wenzake, ana hofu ambayo haikupewa mlango wa kutokea. Isipotoka kwa mdomo, hutoka kwa mwili.

Binti yetu alikuwa na mlango huo. Mama yake alikulia kwenye mkeka wa Bibi, na hadithi ya mtoto wa kambo alimpa mwanawe tangu mdogo. Alituambia kwamba siku ndoo yake ilipopigwa teke bombani, maneno yaliyomjia ni yale yale: akainama, akateka tena. Lakini alikumbuka pia kwamba msichana wa hadithi hakunyamaza moja kwa moja. Alipopata wa kumwambia, aliwataja. Basi akaenda kwa matroni, akasema yote kwa majina. Na usiku mmoja umeme ulipokatika, akamwambia aliyelala kitanda cha chini, msichana aliyekuwa mmojawapo wa walioanguka, "Paukwa." Yule hakujua kuitika; akafundishwa. Akafundishwa na kibwagizo. Wapo walioendelea kumwita mwenye majini mpaka wakamaliza kidato cha nne. Huyu wa chini hakumwita tena.

Tulikuwa na utajiri huu, tukauachia. Redio ilipoingia majumbani ufundi haukufa mara moja. Ulipata kiti kipya. Wengi wa rika langu walikua wakimsikiliza Deborah Mwenda katika kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania Dar es Salaam, na ilipofika saa yake michezo ya nje ilisimama. Bado tulisikiliza pamoja, nyumba nzima, na redio ilipozimwa tulibishana nani alikosea. Leo mtoto amepewa simu na visikilizio, hadithi inamwingia peke yake, na simu haingoji "Pakawa" ya mtu. Inaendelea hata msikilizaji akiwa analia. Uchawi tunaomwonyesha ni wa miale na milipuko, ambamo aliyeonewa hupata nguvu ghafla akawateketeza waliomwonea. Halafu tunashangaa mabinti wakitishiana bwenini kwa majini na hirizi. Tumewaachia uchawi, tukawanyima adabu yake.

Wanafunzi wakianza kuanguka, tunaita viongozi wa dini waje kuomba, na sina neno na dua. Lakini dua ikiisha wageni hurudi majumbani kwao, na mgonjwa hurudi kitanda kile kile, kati ya watu wale wale, bila kuulizwa nani humwaga maji yake. Kizee wa mtoni aliuliza. Kwake tiba ilianza na swali.

Kwa hiyo nawaomba matroni na walimu wa malezi: tengeni usiku mmoja wa juma uwe wa hadithi bwenini, mwanafunzi mgeni ndiye apewe kibwagizo, na wakubwa waitikie. Hakuna gharama ndani yake wala kibali cha kusubiri. Na sisi wazazi na walezi, tusimwache binti aondoke nyumbani kabla hajaambiwa hadithi walau moja kwa kinywa cha mtu anayempenda, taratibu, hadi mwisho. Mafundi wa kazi hii wamebaki wachache, wengi ni wazee, na hadithi zao nyingi hazijaandikwa popote. Bibi wa Pangani alifariki bila mtu yeyote kuinasa sauti yake. Kama kwenu yupo aliye hai, mwendee juma hili, na umpeleke mtoto akasikilize.