Aloha: Kurudia Kuna Hesabu Yake

Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii kilikuwa na kompyuta yake kuu kisiwani Oahu, na simu za waya hazikufaa kuiunganisha na watumiaji wake. Norman Abramson na wenzake wakachagua redio. Kila kituo kilirusha pakiti ya biti 704 kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, yaani kama milisekunde 73 hewani, bila kuomba zamu. Kisipopata jibu, kilichukulia kuwa pakiti imegongana na nyingine, kikangoja muda wa kubahatisha, kikarusha tena. Mtandao ukaitwa Aloha.

Hesabu ya Abramson haikumpendelea. Pakiti huharibika nyingine ikianza ndani ya milisekunde 73 kabla yake au baada yake, kwa hiyo hata hali ikiwa nzuri kabisa masafa hubeba takriban asilimia 18 tu ya uwezo wake. Mwaka 1972 Lawrence Roberts akapendekeza muda ugawanywe vipindi sawa, na kila kituo kianze kurusha mwanzoni mwa kipindi. Uwezo ukaongezeka maradufu: asilimia 37 hivi.

Hiyo asilimia 37 hukaririwa sana, lakini ni kilele ambapo mtandao haukai wenyewe.

Tuseme vituo vyenye pakiti zilizokwama vinarudia kwa uwezekano wa moja kwa kumi katika kila kipindi. Vikiwa 10, pakiti moja hupita salama katika zaidi ya theluthi moja ya vipindi. Vikifika 50, ni chini ya asilimia 3. Wakati huohuo pakiti mpya zinaendelea kuingia, foleni inarefuka, migongano inazidi, na hakuna kinachoirudisha nyuma. Leonard Kleinrock na Simon Lam walilichambua jambo hili katikati ya miaka ya 1970: mtandao uleule unaweza kufanya kazi vizuri kwa muda mrefu, kisha wimbi moja la bahati mbaya likaubwaga.

Dawa ni kupunguza marudio kadiri foleni inavyokua. Ugumu ni kwamba hakuna kituo kinachoiona foleni nzima. Mwaka 1987 Ronald Rivest alitoa njia ninayoiona kuwa nzuri kuliko zote kwa wepesi wake: kila kituo kikadirie idadi ya waliokwama. Kikisikia mgongano, kiongeze takriban 1.39, kipindi kikipita kitupu au pakiti ikifika, kipunguze 1, kisha kijumlishe wastani wa pakiti mpya. Makadirio yakisema 20, rusha kwa uwezekano wa moja kwa ishirini. John Tsitsiklis alithibitisha kuwa mtandao hubaki thabiti hadi kwenye kile kilele cha asilimia 37.

Simu za GSM nazo huomba njia kwa mtindo huu wa vipindi. Mnara hutangaza simu irudie ombi mara ngapi, 1, 2, 4 au 7, na msongamano ukizidi unaweza kuzuia kwa muda baadhi ya makundi 10 ambamo laini za kawaida zimegawanywa.