Miji ya Mezani

Mtoto wa dada yangu alinijia Jumapili moja baada ya Misa, kompyuta mkobani, akaniambia, "Mjomba, leo umeme upo. Nataka uone mji wangu." Mimi nilidhani kijana amepata parseli huko Mugunga na anataka tukaipime. Nikavaa viatu. Kumbe mji wenyewe ulikuwa mezani.

Ndugu msomaji, labda na wewe unaye kijana nyumbani anayekesha mbele ya mchezo wa namna hii, nawe umekwisha kumkaripia mara mbili tatu. Mimi pia nilikuwa tayari kukaripia. Lakini nilikaa saa mbili nzima nikitazama, na tangu siku hiyo nafikiri juu ya miji hii ya kubuni, ipi ni mizuri kweli na ipi yapendeza macho tu. Yafaa tuipime kama tunavyopima hadithi au mchezo wa jukwaani, maana imetungwa na mtu, naye anaionyesha kwa watu ili wamwambie neno.

Mchezo wa mpwa wangu unaitwa Cities: Skylines. Ulitungwa na kampuni ya Finland iitwayo Colossal Order, ukatoka mwaka 2015. Mchezaji hupewa nchi tupu yenye maji, vilima na barabara moja kubwa itokayo mbali. Yeye huchora njia, kisha hupaka rangi kando yake: kijani ni mahali pa nyumba za kukaa, samawati ni maduka, manjano ni viwanda. Mara watu wanakuja, na nyumba zinaota zenyewe kama uyoga baada ya mvua. Hapo ndipo kazi inapoanza. Akiweka pampu ya kuvuta maji safi upande wa chini ya mahali anapomwaga maji machafu, wananchi wanaugua. Akisahau takataka, zinajaa. Akisahau makaburi, maiti wanabaki nyumbani wakingoja gari. Jambo moja lilinichekesha, ingawa si la kucheka: kwa kuwa watu wa mtaa mpya huhamia kwa mkupuo, tena umri wao hautofautiani sana, basi hufa pia kwa mkupuo, na magari ya kuwachukua hayatoshi. Wachezaji wanalijua sana tatizo hilo, wanaonyana juu yake.

Mji ukiisha kukua, kijana huupiga picha kutoka juu, kutoka ziwani, wakati wa machweo. Halafu huutungia historia: ulianzishwa mwaka gani, na wavuvi au na wachimba madini, meya wake alikuwa nani, daraja lilianguka lini. Picha na historia hiyo huwapelekea wachezaji wenzake wa nchi za mbali, nao humpelekea ya kwao. Mpwa wangu ana marafiki wa Poland na Brazil asiowajua kwa sura, lakini anajua vituo vyote vya treni katika miji yao. Nao wamemsifu sana kwa madaraja.

Nikamwuliza, "Kabla hujachora barabara hii, hapa walikaa akina nani?"

"Hapakuwa na mtu, mjomba. Mchezo huanza na pori tupu."

Basi, neno langu lote juu ya michezo hii limo katika jibu hilo.

Kwanza tuwatendee haki watungaji wake. Baba wa michezo ya namna hii ni Mmarekani, Will Wright. Mwaka 1984 alitoa mchezo wa helikopta inayopiga mabomu visiwa vya adui. Alipokuwa akiutengeneza aliona kwamba yeye mwenyewe hufurahi zaidi kuvijenga vile visiwa, njia zake na viwanda vyake, kuliko kuvipiga. Akaifuata furaha hiyo, na mwaka 1989 akatoa SimCity. Kwa sisi tunaokaa Goma habari hiyo si ndogo. Michezo mingi ambayo vijana wetu huilipia katika vibanda ni ya kupiga risasi, na huu ulizaliwa kwa mtu aliyechoka kubomoa. Tena unafundisha. Mpwa wangu hakupata kujiuliza maji ya bomba yatoka wapi na ya chooni yaenda wapi mpaka alipowaua watu wa mezani kwa uzembe. Sasa anaujua uhusiano wa hayo mawili, na anaona ajabu kwamba sisi twaishi juu ya mwamba ambamo kuchimba choo ni kazi ya majuma, na maji twayapandisha kwa bidoni kutoka ziwani.

Lakini ile nchi tupu! Hapo ndipo mchezo unapodanganya, na unadanganya kwa utulivu mno hata mchezaji hahisi. Katika mji wa mezani ardhi ni tii. Haina mwenyewe, haina mpaka wa zamani, haina kesi. Ukitaka kuipanua barabara, nyumba iliyo njiani huondolewa kwa kugusa kidole mara moja, wala hakuna mama anayekuja na hati mkononi kusema mume wake alizikwa nyuma ya jiko. Wageni nao huja kwa hesabu: kazi zikiongezeka, watu wanaongezeka. Wa kwetu hawakuja hivyo. Mwezi Julai 1994 watu laki kwa laki walivuka mpaka kutoka Rwanda kwa siku chache tu, na hakuna aliyewapakia rangi ya kijani kando ya njia. Wakajenga kwa maturubai juu ya mawe. Hakuna mchezo niliouona unaojua mji wa namna hiyo, mji uliojengwa na miguu inayokimbia.

Hata mlima wa moto wamo nao. Katika SimCity 2000, iliyotoka mwaka 1993, volkano imo katika orodha ya misiba, na mchezaji aweza kuita msiba mwenyewe apendapo, au kuifunga misiba yote isije kabisa. Ukimharibia mno, anaufungua mji wake kama alivyouhifadhi jana, na yote yamepona. Mpwa wangu aliponieleza hayo nilinyamaza kidogo. Alhamisi tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka ubavuni, lava ikashuka mpaka katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikateketeza mitaa ya maduka na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikaingia ziwani. Watu kwa malaki walikimbilia Gisenyi na Sake. Baada ya siku chache tu wengi walikuwa wamekwisha rudi, lava ikiwa bado ya moto chini ya viatu. Nilimwona jirani yangu akisimama kwenye pembe ya ukuta uliosalia, akihesabu hatua kuelekea mahali alipokumbuka mlango wake, akiweka jiwe, akirudi, akihesabu tena. Chini yake palikuwa na lava ngumu yenye urefu wa mtu, naye alikuwa akitafuta parseli yake. Leo nyumba ya mbao imesimama pale pale, na ua wake umejengwa kwa mawe yale yale meusi yaliyomfukuza. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipowaka tena na lava ikakomea ukingoni mwa mji, hakufikiri kuhama.

Kwa hiyo naona mji wa kubuni usipimwe kwa urefu wa maghorofa wala kwa werevu wa madaraja. Tuuulize umejengwa juu ya nini, na mjenzi wake anamwajibikia nani. Wasifuji wa Poland hawakuuliza swali hilo. Si kosa lao; picha zenyewe hazikuwapa nafasi ya kuliuliza.

Mpwa wangu, akiwa amekasirika kidogo, akasema, "Basi mjomba, mji wote wa kubuni ni bure?" Nikamjibu la, nikamtajia mtu wa nchi yetu ambaye, kwa aibu yetu, hakupata kumsikia shuleni.

Mzee Bodys Isek Kingelez alizaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha Kimbembele Ihunga, magharibi mwa Kongo. Alikwenda Kinshasa mwaka 1970, akawa mwalimu, kisha kufika mwisho wa miaka ya 1970 akaacha ualimu akaanza kukata karatasi. Alijenga majumba ya kubuni kwa makaratasi, gundi, plastiki, vizibo vya chupa, mirija ya kunywea, makopo ya soda. Yasimuliwa kwamba alipopeleka kazi yake kwenye jumba la makumbusho la taifa hawakusadiki kuwa ni ya mikono yake, mpaka alipotengeneza nyingine mbele yao. Ndipo wakampa kazi ya kutengeneza vitu vya kale vilivyoharibika. Mwaka 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris katika maonyesho yaliyoitwa Magiciens de la Terre. Alifariki mwaka 2015, na mwaka 2018 jumba la sanaa la MoMA huko New York likamfanyia maonyesho makubwa. Huko, mtazamaji aliweza kuvaa miwani ya kompyuta akatembea ndani ya mji wa karatasi kama raia wake. Tazama mambo yalivyogeuka: vijana wetu watoka kwenye kompyuta wakitafuta mji, na mji wa Kingelez ulitoka kwenye karatasi ukaingia kwenye kompyuta.

Mimi nimeiona kazi yake kwa picha tu, kwa hiyo msomaji anivumilie. Mji wake mkubwa kupita yote ni Ville Fantôme wa mwaka 1996, ambao urefu wake unakaribia mita 6. Rangi zake zachangamka kama kitenge kipya siku ya harusi. Mwenyewe alieleza kwamba mji ule una amani hata hauhitaji polisi wala askari. Msomaji wa Goma aliyelala chini ya kitanda mwisho wa Januari 2025, risasi zikipita juu ya mabati, hawezi kuicheka ndoto hiyo. Hata hivyo nasema wazi kwamba mji huo haunishiki sana. Ni mzuri kama keki iliyo dirishani. Sioni mtu akichota maji, sioni kamba ya nguo, sioni mahali pa kuuza mihogo. Kwa upande huo hata mchezo wa wale Wafini unamshinda, maana wao angalau wamekumbuka takataka na makaburi.

Mji unaonishika ni mwingine, alioujenga miaka miwili kabla, mwaka 1994. Aliupa jina la kijiji chake mwenyewe, Kimbembele Ihunga. Amekichukua kijiji cha wakulima akakipa uwanja wa mpira, mabenki, mikahawa na majumba yanayopaa mawinguni. Hapa hakuanza na pori tupu. Alianza na mahali alipozaliwa, ambapo kila atazamaye atauliza: je, kijiji chenyewe kina nini leo? Kila ghorofa ya karatasi ni dai. Kadhalika mwaka 1991, ukimwi ulipokuwa ukiwamaliza watu, alijenga kwa karatasi hospitali ya kuwatibu. Mtu aweza kusema hospitali ya karatasi haimponyi mgonjwa. Kweli. Lakini yamtaja mgonjwa, na nchi tupu ya mchezo haimtaji mtu.

Nilimpa mpwa wangu na mfano wa Nairobi, asije akasema namsifu mfu tu. Mwaka 2012 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, lenye makao yake Nairobi, lilipatana na watungaji wa mchezo wa Minecraft, ule wa matofali ya mraba. Mahali pa kwanza pa kujaribu palikuwa Kibera, katika uwanja wa Silanga. Uwanja ukajengwa ndani ya mchezo jinsi ulivyo, na wakaaji wenyewe wakapewa nafasi ya kusogeza matofali na kuonyesha watakavyo. Kwa macho si kitu. Madaraja ya mpwa wangu ni mazuri mara mia. Na uwanja mmoja si mji. Lakini mwenye kupita pale kila siku na ndoo yake ndiye hakimu, naye anaijua kila hatua, kama jirani yangu alivyoijua njia ya mlango wake chini ya lava.

Kijana alifunga kompyuta, akaaga kwa adabu, akaenda. Nilifikiri nimemkatisha tamaa, na dada yangu alinilaumu kwa hilo.

Alirudi baada ya majuma sita hivi. Safari hii alikuwa ametengeneza nchi yake mwenyewe, maana mchezo unaruhusu: mlima kaskazini, ziwa kusini, na mkanda mweusi ukishuka kati yao. Palikuwa na mitaa ya zamani yenye vichochoro, aliyoijenga kwanza kabla ya kitu kingine chochote, na barabara kuu ilifika pale ikajipinda kama nyoka aliyekutana na jiwe, kisha ikaendelea. Magari yalikuwa yamefoka foleni ndefu. Sitaficha, mji ule ulikuwa na sura mbaya kuliko wa kwanza, na rangi ya maziwa yake haikunipendeza.

Akanieleza kwamba ameupeleka kwa wenzake, nao wamemwandikia kwa wingi kuwa barabara ina kosa, inapinda bila sababu, aibomoe mitaa ile anyooshe.

"Nawe umewajibu nini?"

"Nimewaandikia jina la mama anayekaa pale kwenye kona."