Hadhira Kama Ala: Usikilizaji wa Muziki wa Jazi na Ushahidi wa Newport, 1956

Utangulizi

Wahakiki wa muziki, kama walivyo wahakiki wa fasihi, wamezoea kuanzia kazi yao kwa mtunzi na kuimalizia kwa mtendaji. Msikilizaji hutajwa mwishoni tu, tena kwa maneno machache: kwamba alipendezwa au hakupendezwa, alipiga makofi au alinyamaza. Desturi hii yaweza kuvumiliwa panapohusika kazi iliyoandikwa yote kwa nota na kupigwa kama ilivyoandikwa. Haifai hata kidogo panapohusika muziki wa jazi, ambao sehemu yake kubwa hutungwa papo kwa papo mbele ya watu. Shabaha ya makala haya ni kuonyesha kwamba msikilizaji aliye mbele ya jukwaa la jazi anayo sehemu katika utungaji wenyewe, na kwamba sehemu hiyo inaweza kupimwa.

Yafaa kwanza neno lenyewe lifafanuliwe. Katika Afrika ya Mashariki na Kongo, neno "jazz" lilitwaliwa na bendi za dansi: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, na OK Jazz iliyoundwa mwaka 1956 katika mji wa Léopoldville, ambao sasa ni Kinshasa. Muziki wa bendi hizo ulijengwa juu ya magitaa, na rumba ilikuwa na nafasi kubwa ndani yake. Jazi inayochunguzwa hapa ni ile iliyozaliwa miongoni mwa watu weusi wa Marekani, yenye tarumbeta, tromboni, saksafoni, piano, besi na dramu. Mfano uliochaguliwa ni mmoja tu, nao ni onyesho la okestra ya Duke Ellington katika tamasha la Newport, jimbo la Rhode Island, usiku wa tarehe 7 Julai 1956. Umechaguliwa kwa sababu usiku huo ulinaswa na maikrofoni za pande mbili tofauti, na tofauti ya pande hizo ndiyo inayotoa ushahidi.

Kutoka Dansini hadi Kitini

Katika miaka yake ya mwanzo jazi ilisikilizwa kwa miguu. Watu walicheza, na mpigaji aliwatazama wachezaji ili ajue kama mwendo wake unafaa. Okestra ya Ellington yenyewe ilijipatia sifa kuanzia mwaka 1927 katika Cotton Club, kilabu cha mtaa wa Harlem, mjini New York, ambamo muziki ulikwenda pamoja na vinywaji na maonyesho ya wacheza ngoma. Baadaye muziki huu uliingia katika kumbi za heshima. Benny Goodman alipiga katika ukumbi wa Carnegie mwezi Januari 1938, na Ellington akafuata mwezi Januari 1943 kwa utungo wake mrefu uitwao Black, Brown and Beige. Tamasha la Newport lilipoanzishwa mwaka 1954, lilipanga viti mbele ya jukwaa, na waliohudhuria walitarajiwa kuvikalia.

Badiliko hili lilikuwa na faida yake. Aliyeketi kimya husikia mengi yanayompita mchezaji: rangi ya sauti ya kila ala, namna saksafoni tano zinavyosongamana kama sauti moja, jinsi mpiga tromboni anavyoifunika ala yake ili ilie kama mtu anayesema. Ellington alikuwa bingwa wa mambo hayo. Aliwaandikia watu aliowajua kwa majina, si ala tu. Lakini lilikuwa na hasara pia. Mpigaji aliyezoea kujibiwa kwa miguu sasa alijibiwa mara moja tu, mwishoni, kwa makofi ya adabu. Kati ya mwanzo na mwisho alikuwa peke yake.

Usiku Wenyewe

Mwaka 1956 okestra hiyo haikuwa katika hali njema. Bendi kubwa nyingi zilikwisha kuvunjika kwa sababu ya gharama, na katika kiangazi cha mwaka 1955 wanamuziki wa Ellington walikuwa wakisindikiza maonyesho ya majini huko Flushing, New York. Hata usiku wa Newport haukuanza vizuri. Okestra ilipanda jukwaani mapema huku baadhi ya wanamuziki wake wakiwa hawajafika, ikapiga vipande vichache, ikashuka. Iliporudi, usiku wa manane ulikuwa umekaribia na baadhi ya watu walikuwa wameanza kuondoka. Ikapiga mfululizo wa vipande vitatu uliotungwa mahususi kwa tamasha hilo. Watu waliupokea kwa heshima.

Ndipo Ellington alipoita Diminuendo and Crescendo in Blue. Hizi ni tungo mbili zilizorekodiwa mwaka 1937 kwenye pande mbili za santuri moja. Katika ile ya kwanza sauti ya okestra hupungua hatua kwa hatua; katika ya pili huongezeka mpaka kilele. Kati yake pana nafasi, na nafasi hiyo alipewa Paul Gonsalves, mpiga saksafoni ya tena, mtu mwenye asili ya visiwa vya Cape Verde, aliyekuwa na Ellington tangu mwaka 1950. Nyuma yake walibaki Sam Woodyard kwenye dramu na Jimmy Woode kwenye besi, huku Ellington mwenyewe akichomeka vipande vya piano. Umbo lake ni bluzi, yaani ubeti wa vipimo 12 unaorudiwa. Gonsalves aliupiga mara 27, jumla ya vipimo 324, kwa muda uliozidi dakika sita.

Katika beti za kwanza watu walikuwa wakingali vitini. Kisha mwanamke mmoja aliyevaa gauni jeusi akainuka na kuanza kucheza. Waliokuwa karibu naye wakamtazama, wakainuka pia, na msisimko ukasambaa uwanjani. Pembeni mwa jukwaa alikuwapo Jo Jones, mpiga dramu mashuhuri wa zamani wa okestra ya Count Basie, ambaye alikuwa na kazi nyingine katika tamasha. Alikuwa amelikunja gazeti, naye akawa analipiga kwenye ukingo wa jukwaa kufuata mapigo, mbele ya macho ya wanamuziki. Okestra ilipoingia tena kwa Crescendo, na Cat Anderson akapandisha tarumbeta yake juu ya wote, makelele yalikuwa makubwa kiasi cha kuwatia hofu waandalizi. Ellington aliwatuliza watu kwa kumtoa Johnny Hodges, ambaye saksafoni yake ya alto ilikuwa na sauti ya taratibu na tamu. Tarehe 20 Agosti picha ya Ellington ilikuwa juu ya jalada la jarida la Time.

Kilichosikika katika Beti 27

Mtu akizichunguza beti hizo moja moja, hataona ndani yake ufundi wa kutisha. Gonsalves aliweza kupiga mambo magumu zaidi, na aliyapiga mahali pengine. Hapa alichukua vifungu vifupi, akavirudia, akavigeuza kidogo, akavitia mahali pengine katika kipimo. Sauti yake ni pana, yenye pumzi nyingi, nayo haikimbii mbele ya besi. Kwa sababu hiyo inawezekana kudai kwamba zamu hiyo ilikuwa ya kuchangamsha watu tu, na kwamba mahali pake ni katika historia ya fujo, nje ya historia ya sanaa.

Dai hilo lina nguvu iwapo kinachohukumiwa ni nota za saksafoni peke yake. Lakini ubeti wa bluzi ni umbo ambalo msikilizaji analijua. Anajua mahali panapobadilika, anajua mwisho wake unapokaribia, na kila unapokwisha hungoja kuona kama mpigaji ataacha au ataanza upya. Kurudiwa kwa umbo hilo mara 27 ni kumwita msikilizaji mara 27. Yanayofanana na hayo hayakosekani katika mazingira ya Waswahili. Msimuliaji anayesema "Paukwa!" hawezi kuendelea kabla ya kuitikiwa "Pakawa!" Mwimbaji wa taarab akiona watu wamesimama kuja kumtunza, huurudia ubeti uliowaamsha. Pale Newport nota ya Gonsalves haikuwa imekamilika ilipotoka katika ala. Ilikamilika ilipojibiwa, na jibu likaamua nota ya pili. Wepesi wa vifungu vyake ndio uliowaachia wengine nafasi ya kuingia.

Ushahidi wa Maikrofoni Mbili

Kampuni ya Columbia ilikuwa imeweka maikrofoni zake ili kutengeneza santuri. Redio ya Sauti ya Amerika nayo ilikuwa na zake. Gonsalves alipotoka mbele, alisimama kwenye maikrofoni ya redio. Kwa hiyo katika santuri iliyotolewa mwaka 1956 saksafoni yake yasikika kwa mbali, kama mtu azungumzaye akiwa ameupa chumba kisogo, ilhali dramu na mayowe ya watu yako karibu. Si hayo tu. Tarehe 9 Julai okestra iliingia studio mjini New York, ikavipiga tena vipande ambavyo havikuwa vimeridhisha, na makofi yakabandikwa juu yake. Sehemu kubwa ya santuri iliyouzwa kama ukumbusho wa Newport haikupigwa Newport.

Utepe wa Sauti ya Amerika ulipatikana mwaka 1996 katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Mwaka 1999 kinasio hicho na kile cha Columbia viliunganishwa, kimoja upande wa kushoto na kingine upande wa kulia, na kwa mara ya kwanza Gonsalves akasikika kwa ukaribu, pamoja na sauti za wenzake wakimhimiza.

Kutokana na hayo kipimo kilichoahidiwa mwanzoni chaweza kutajwa. Makofi yaliyobandikwa studio na makofi ya uwanjani hayatofautiani sana sikioni. Tofauti yake iko katika kazi yaliyoifanya. Makofi ya studio hayakumsikia mtu yeyote, wala hakuna mpigaji aliyeyasikia. Yakiondolewa, hakuna nota hata moja itakayobadilika. Kelele za uwanjani zilisikiwa na Woodyard, zikasikiwa na Gonsalves, na ubeti uliofuata ukachukua sura nyingine. Gazeti la Jo Jones laonyesha jambo hilo kwa namna iliyo wazi zaidi. Sauti yake ilikuwa ndogo, pengine watu wa viti vya nyuma hawakuisikia kabisa. Lakini ilikuwa ndani ya mapigo, na waliolengwa waliipata. Msikilizaji wa namna hiyo ni ala mojawapo. Apigaye yowe pasipo kusikiliza si ala, hata akiwa na sauti kubwa kuliko tarumbeta.

Kwa kipimo hicho pingamizi moja kubwa hujibiwa. Husemwa kwamba hadhira ikihesabiwa kuwa sehemu ya utungo, basi uhakiki utageuka kuwa habari ya nani alishangiliwa zaidi. Sivyo. Wingi wa makofi hauthibitishi ubora wowote. Kinachomhusu mhakiki ni kubainisha ni wapi jibu la wasikilizaji liliingia katika utungo na lilifanya nini humo. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kuhesabu nota, na haiwezekani bila kusikiliza ala zote kwa pamoja: besi inayoshikilia, dramu inayoongeza uzito, piano inayochokoza kisha ikanyamaza.

Hitimisho

Suala hili haliwahusu wapenzi wa jazi pekee. Tangu mwaka 1968, Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipodai katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi kwamba fasihi ya Kiafrika, pamoja na fasihi simulizi, iwekwe katikati ya masomo ya fasihi, wanafunzi wengi wametumwa vijijini na vinasa sauti. Aghalabu mashine huwekwa mbele ya mdomo wa msimuliaji, na watoto wanaoitikia huombwa wanyamaze ili sauti itoke safi. Kinachorudi chuoni huandikwa, hupewa kichwa, na huhakikiwa kana kwamba ndicho kilichotendwa. Hapo mtafiti amefanya kinyume cha walichofanya watu wa studio: wao walibandika hadhira isiyokuwapo, yeye ameiondoa iliyokuwapo. Kosa lake halina utepe wa pili utakaopatikana baada ya miaka arobaini.

Yapasa basi kila kinasio cha hadithi, ngoma au taarab kiambatane na maelezo ya mahali maikrofoni iliposimama, ni nani waliokuwapo, ni nani aliyeitikia, na katika ubeti upi. Penye uwezo, maikrofoni ya pili ielekezwe kwa wasikilizaji. Bila hayo mhakiki atakuwa akiuhukumu utungo ambao nusu ya watunzi wake wamefukuzwa chumbani kabla kazi haijaanza.