Sinema za Safari ya Zamani: Tuziangalie Namna Gani?

Siku hizi waseminari wengi wanaangalia katika simu sinema za zamani za safari. Mojawapo ni Elizabethan Express, iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1954 na British Transport Films. Inaonyesha gari la moshi likitoka London mpaka Edinburgh, kilomita zaidi ya 600, kwa muda wa saa sita na nusu, bila kusimama njiani.

Tuanze na sifa. Sinema hii haisahau wafanya kazi. Tunamwona dereva na mtia makaa. Katikati ya safari wenzao wawili wanapita katika kijia chembamba ndani ya behewa la makaa, wanapokea kazi, na gari linazidi kukimbia. Abiria anasinzia, lakini mtazamaji anajua ni nani anayemchukua.

Tuilinganishe na Bwana Kitoko, sinema ya André Cauvin juu ya safari ya Mfalme Baudouin katika Kongo, mwaka 1955. Rangi zake zinapendeza. Lakini wenyeji wanaonekana hasa kama umati: wanashangilia, wanacheza. Nani kati yao ana jina? Tena, miaka mitano tu baadaye Kongo ilijitawala. Basi shangwe ile haikuwa neno lote walilokuwa nalo moyoni.

Hapa ndipo hatari ilipo. Kijana wa Bukavu, akichoshwa na vita na barabara mbovu, anaangalia picha hizo na kusema: zamani ilikuwa heri. Waisraeli jangwani walikumbuka samaki na matango ya Misri, wakasahau matofali na fimbo. Samaki hawakuwa uongo. Walikuwa nusu ya ukweli. Njaa yao vilevile ilikuwa ya kweli, na mchungaji asiicheke. Lakini nusu nyingine isemwe pia: njia ya reli ya Matadi mpaka Léopoldville, iliyojengwa tangu 1890 hata 1898, iliua, kwa hesabu iliyotolewa wakati ule, Weusi 1,800 na Wazungu 132.

Hatusemi sinema hizi zikatazwe. Katekista anayezionyesha parokiani amwite baadaye mzee ambaye baba yake alifanya kazi katika reli ya Kalundu, ile iliyoishia Kamanyola bila kufika Bukavu. Asimulie mshahara, chakula, adhabu na furaha, na majina ya wenzake wa baba yake. Vijana wayaandike majina hayo, na siku ya Marehemu wote yasomwe katika Misa.